Neno Likipotea Angani: Rubani, Mwongoza Ndege na Sanaa ya Kusikilizana

Neno "rubani" halikuzaliwa angani. Lilitujia kwa njia ya bahari, kutoka lugha ya Kiarabu, na kwa muda mrefu lilikuwa jina la mtu aliyejua miamba, mikondo na milango ya bandari, akakiongoza chombo kati ya hatari ambazo nahodha mgeni hakuziona. Ndege zilipofika katika nchi zetu, wasemaji wa Kiswahili hawakuona haja ya kuomba neno jingine. Walimtwaa rubani wa baharini wakampandisha mawinguni. Hapana shaka walichagua vyema, maana kazi ni ile ile: kuwafikisha watu salama mahali wasipoweza kujifikisha wenyewe.

Lakini warubani hao wawili hawafanani kwa jambo moja kubwa. Yule wa bahari alisimama katika chombo kimoja na mshika usukani. Akisema "goshini" au "demanini", aliweza kumtazama mwenziwe usoni, akajua kama amri imefika au imechukuliwa na upepo. Rubani wa anga husema na mtu asiyemwona, aliyeketi juu ya mnara au katika chumba chenye vioo vya rada, pengine mamia ya maili kutoka hapo. Hakuna uso wa kutazama wala mkono wa kuashiria. Kati yao ipo sauti tu, nayo hupita katika mkondo mmoja wa simu ya upepo ambao ndege nyingine nyingi huutumia kwa zamu. Wawili wakisema kwa wakati mmoja katika mkondo huo, yamkini asisikike hata mmoja.

Katika insha hii twakusudia kueleza jinsi sauti hiyo ilivyopata kanuni zake, jinsi kanuni hizo zilivyoshindwa mara kadhaa katika historia, na mambo gani wanadamu walijifunza kwa gharama ya roho za wenzao. Tumeona yafaa kuyaeleza haya mbele ya walimu na wanafunzi kwa sababu jambo lenyewe, ijapokuwa lina mitambo mingi ndani yake, kwa asili ni jambo la lugha na la adabu, nayo lugha na adabu ndiyo mihimili ya utamaduni wa taifa lolote.

Katika miaka ya mwanzo ya usafiri wa ndege hapakuwa na mazungumzo. Marubani waliongozwa kwa bendera na taa, au hawakuongozwa kabisa. Mnara wa uwanja wa Croydon, karibu na London, uliojengwa mwaka 1920, huhesabiwa kuwa miongoni mwa minara ya kwanza duniani ya kuongozea ndege. Ni katika uwanja huo huo ambapo katika mwaka 1923 ofisa mmoja wa simu ya upepo, Frederick Mockford, alitakiwa atafute neno moja la kuomba msaada ambalo Mwingereza na Mfaransa wote wangelitambua, kwa kuwa ndege nyingi za Croydon zilikuwa zikienda na kurudi Paris. Alichagua "Mayday", ambalo katika masikio ya Mfaransa ni kilio cha "nisaidieni". Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1927 ukalithibitisha. Msomaji atambue hekima iliyomo humo: neno la kwanza kubwa la lugha ya angani halikuchaguliwa kwa uzuri wake, bali kwa sababu watu wa lugha mbili waliweza kulisikia kwa namna moja.

Baada ya hapo ulikuja Mkataba wa Chicago wa tarehe 7 Desemba 1944, uliozaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga. Shirika hilo lilifanya kazi kubwa ambayo wapandaji wa ndege hawaijui. Lilitengeneza majina ya herufi yanayoanza na Alfa, Bravo na Charlie, yakaanza kutumika tarehe 1 Machi 1956 baada ya kujaribiwa kwa wasemaji wa lugha mbalimbali. Hata tahajia iligeuzwa: Alfa huandikwa kwa "f" ili asiyejua Kiingereza asipotee katika kutamka. Tarakimu nazo zilipewa matamshi maalumu, hata tisa ya Kiingereza ikaongezewa silabi ili isichanganyike na tano. Saa pia ilifanywa kuwa moja kwa anga lote. Sisi Waswahili twaelewa upesi kwa nini ilikuwa lazima. Mgeni akiambiwa na mwenyeji "tukutane saa mbili asubuhi", huenda akafika akiwa amechelewa au amewahi kwa saa sita, na katika wawili hao hapana aliyesema uongo. Kila mmoja amesema kweli kwa saa yake. Ugomvi wa namna hiyo ardhini huisha kwa kicheko. Angani hauna nafasi ya kuisha hivyo.

Kwa hiyo lugha ya marubani, ijapokuwa maneno yake mengi yametoka katika Kiingereza, si Kiingereza cha vitabu wala cha mitaani. Ni lugha ndogo iliyokatwa na kupimwa. Sisi tulio katika ufundi wa mashairi hulipenda neno lenye maana mbili, tukaliita fumbo, na msikilizaji hufurahi kulifumbua jioni nzima. Katika mkondo wa simu ya upepo neno lenye maana mbili ni mwamba uliofunikwa na maji. Historia inayofuata ni historia ya miamba hiyo.

Tuanze karibu na kwetu. Tarehe 3 Septemba 1974 ndege ya British Airways ya aina ya Boeing 747 ilikuwa ikishuka kuelekea uwanja wa Embakasi, Nairobi. Mwongoza ndege aliiruhusu ishuke hadi futi 7,500. Kwa desturi ya lugha ya angani, tarakimu husemwa moja moja: saba, tano, sifuri, sifuri. Marubani walisikia tano, sifuri, sifuri, sifuri, yaani futi 5,000. Wakarudia kile walichosikia, na kosa hilo likapita bila kusahihishwa. Sasa msomaji na akumbuke jiografia yake: Nairobi iko katika nyanda za juu, na uwanja wa Embakasi umeinuka zaidi ya futi 5,300 kutoka usawa wa bahari. Mtambo wa kuiongoza ndege ulikuwa umeelekezwa kwenye kimo kilicho chini ya ardhi yenyewe. Ndege ilitokeza chini ya mawingu, marubani wakaiona nchi ikiwajia, wakainyanyua ikiwa imebakiza futi 70 hivi. Hakuna aliyeumia. Tukio hilo halisimuliwi sana kwa kuwa halikuacha makaburi, lakini latufundisha mambo mawili. Kwanza, sikio la mwanadamu husikia pia lile linalolitarajia. Pili, kurudia amri hakuna faida iwapo aliyeitoa hasikilizi inaporudiwa.

Miaka miwili baadaye, tarehe 10 Septemba 1976, ndege mbili ziligongana juu ya Zagreb, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Yugoslavia. Moja ilikuwa ya British Airways, ikitoka London kwenda Istanbul katika kimo cha futi 33,000. Ya pili ilikuwa ya Inex-Adria ya Yugoslavia, ikipanda kutoka Split. Mwongoza ndege, kijana aliyeelemewa na kazi ya zaidi ya mtu mmoja, alitambua hatari dakika ya mwisho. Katika mshtuko huo aliiacha lugha ya Kiingereza akaiambia ndege ya nchi yake, kwa lugha yao ya nyumbani, isipande zaidi. Kwa bahati mbaya, kusimama pale alipoiambia kulimaanisha kusimama katika kimo kile kile cha ndege nyingine. Watu wote 176 walikufa. Waingereza waliokuwa katika mkondo ule ule walisikia sauti, hawakupata maana. Hatusemi kwamba wangeokoka kama wangeelewa, kwa kuwa muda ulikuwa mfupi mno. Tunasema tu kwamba nafasi yao ya mwisho, kama ilikuwapo, ilifungwa nyuma ya mlango wa lugha. Wala hatumlaumu kijana yule kwa lugha iliyomtoka. Mtu akishtuka hurudi kwa mama yake.

Kisha ukaja msiba uliouzidi misiba yote ya ajali za ndege. Tarehe 27 Machi 1977 bomu lililipuka katika uwanja wa ndege wa Gran Canaria, katika visiwa vya Canary vilivyo chini ya Hispania. Ndege zilizokuwa zikienda huko zilielekezwa kwenye uwanja mdogo wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife. Miongoni mwake zilikuwamo Boeing 747 mbili, moja ya KLM ya Uholanzi na nyingine ya Pan American ya Marekani. Uwanja ulijaa hata njia ya pembeni ikazibwa, ikawa ndege hazina budi kupita juu ya barabara ile ile ya kurukia. Los Rodeos uko juu mlimani, kwenye kimo cha zaidi ya futi 2,000, na mawingu huushukia ghafla. Alasiri ile yaliushukia. Walio katika mnara hawakuziona ndege, nazo ndege hazikuonana, na uwanja haukuwa na rada ya kuonyesha vilivyo ardhini.

Ndege ya KLM ilikwenda hadi mwisho wa barabara ikageuka, tayari kuruka. Ile ya Pan American ilikuwa nyuma, ingali juu ya barabara, ikitafuta njia ya tatu ya kutokea. Nahodha wa KLM, Jacob van Zanten, alikuwa mkuu wa kuwafundisha marubani wa 747 katika shirika lake, mtu mwenye sifa ambaye picha yake ilitumiwa katika matangazo. Alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa na sababu: sheria mpya ya Uholanzi iliweka kikomo kikali cha saa za kazi, na kikomo kikifika angelazimika kulala pale pamoja na abiria wake. Alipoanza kusukuma mitambo mara ya kwanza, rubani msaidizi alimkumbusha kwamba bado hawajapewa idhini. Nahodha akasita, akamwambia aiombe.

Mnara ukajibu kwa kuwaeleza njia watakayoifuata wakisha kuruka. Ilikuwa ni idhini ya njia, si idhini ya kuruka. Lakini idhini zote mbili ziliitwa kwa neno moja, na ndani ya maelezo yale neno "kuruka" lilitajwa. Rubani msaidizi alipokuwa akirudia maelezo hayo, nahodha aliachilia breki. Msaidizi akamaliza kwa haraka na maneno ambayo tafsiri yake ni "sasa tupo katika kuruka". Maneno hayo yamejadiliwa na wataalamu wa lugha kwa miaka mingi. Katika Kiholanzi muundo wa namna hiyo humaanisha kwamba tendo linatendeka wakati huo. Mwongoza ndege Mhispania aliyasikia kama Kiingereza, akaelewa kwamba ndege imesimama mahali pa kurukia, inangoja. Akajibu "sawa", akanyamaza kidogo, akaongeza kwamba wangoje hadi awaite. Wakati huo huo Wamarekani, waliotiwa hofu na walichosikia, waliingia mkondoni kusema kwamba wangali barabarani. Sauti mbili zikagongana. Ndani ya ndege ya KLM lilisikika neno "sawa", na baada yake mlio mkali.

Bado mlango mmoja ulikuwa haujafungwa. Sekunde chache baadaye mnara uliwaambia Wamarekani watoe taarifa watakapotoka barabarani, nao wakajibu kwamba watatoa. Mazungumzo hayo yalisikika katika ndege ya KLM, iliyokuwa ikizidi kwenda mbio. Mhandisi wa ndege ndiye peke yake aliyeyatilia maanani. Akauliza kama yule Mmarekani bado hajatoka. Nahodha akajibu kwa mkazo kwamba ametoka. Mhandisi hakuuliza tena. Katika ndege hizo mbili walikuwamo watu 644, na waliokufa ni 583. Waliookoka ni 61, wote wa ndege ya Pan American.

Ndugu msomaji, twaomba usimame kidogo hapa. Wahenga walisema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni neno la kweli na limewalea vijana wengi. Lakini wahenga hao hao walisema pia kwamba kuuliza si ujinga. Mithali hizi mbili ni kama makasia mawili ya mtumbwi: anayetumia moja tu huzunguka mahali pamoja. Mhandisi yule alikuwa na mashaka ya haki, akayasema kwa sauti ya chini kama inavyompasa mdogo mbele ya mkubwa, akajibiwa, akanyamaza. Heshima iliyomfanya anyamaze ni ile ile ambayo sisi huwafundisha watoto wetu, nayo ni heshima njema. Kilichokosekana ni mkubwa anayejua kwamba swali la mdogo si uasi.

Baada ya Tenerife mambo yalibadilika. Neno la Kiingereza lenye maana ya "kuruka" lilipigwa marufuku katika mazungumzo ya simu ya upepo, ila pale tu ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa. Pengine pote husemwa "kuondoka". Amri muhimu ikawa lazima irudiwe kwa maneno yake, neno "sawa" lisitoshe. Mwaka 1979 Shirika la Anga la Marekani, NASA, liliitisha mkutano wa wataalamu juu ya namna wafanyakazi wa ndege wanavyosaidiana, na kuanzia mwaka 1981 shirika la ndege la United lilianza kuwafundisha manahodha kusikiliza na wasaidizi kusema. Mafunzo ya namna hiyo baadaye yalienea duniani. Katika mwaka huo huo wa 1981 watafiti wa NASA walitangaza matokeo ya uchunguzi wa taarifa za hatari zilizoletwa kwa hiari na marubani na waongoza ndege, wakaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 70 zilihusu kasoro katika kupashana habari.

Hata hivyo kanuni huandikwa siku moja, nayo mazoea huchukua miaka kuondoka. Tarehe 19 Februari 1989 ndege ya mizigo ya Flying Tiger ilikuwa ikikaribia Kuala Lumpur, Malaysia. Mwongoza ndege aliiambia ishuke mbili, nne, sifuri, sifuri, yaani futi 2,400. Sasa katika Kiingereza tamko la tarakimu mbili halitofautiani na tamko la neno lenye maana ya "hadi". Rubani akasikia "shuka hadi nne, sifuri, sifuri", akajibu kwa kutaja futi 400, na hakuna aliyemkatiza. Ndege ikapiga kilima, na watu wote wanne waliokuwamo wakafa. Silabi moja ndiyo iliyowaua.

Mwaka uliofuata, tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Avianca ya Kolombia iliyotoka Bogotá kupitia Medellín ilifika karibu na New York katika hali mbaya ya hewa. Ilizungushwa mahali mahali kwa muda wa saa moja na dakika 17 ikingoja zamu, nayo mafuta yakipungua. Rubani msaidizi ndiye aliyesema na minara kwa Kiingereza, kwa kuwa nahodha hakukijua vizuri. Msaidizi huyo aliomba wapewe "kipaumbele". Alisema kwamba mafuta yanawaishia. Nahodha alimwagiza awaambie kwamba wamo katika dharura, lakini neno dharura halikufika kwenye simu ya upepo, wala "Mayday" halikutamkwa. Waongoza ndege wa New York, waliozoea kila rubani kulalamika juu ya mafuta usiku wa foleni, hawakuona jambo la ajabu. Kwao "kipaumbele" kilikuwa ombi miongoni mwa maombi. Kwa Wakolombia, waliofikiri kwa Kihispania, kilikuwa kilio. Mitambo ilizimika mmoja baada ya mwingine, ndege ikaanguka Cove Neck katika kisiwa cha Long Island. Katika watu 158 walikufa 73. Moto haukuwaka, kwa kuwa hapakuwa na mafuta ya kuuwasha.

Twaona hapa sura nyingine ya jambo lile lile. Nairobi neno lilisikika vibaya, Zagreb halikueleweka, Tenerife lilikuwa na maana mbili. New York neno lilisikika vyema na kila mtu alilijua, lakini lilikuwa dogo kuliko hatari yenyewe. Adabu ya kuomba kwa upole ilimzuia mtu kupiga ukelele. Upo wakati wa kubisha hodi kwa staha, na upo wakati nyumba inaungua.

Msiba wa mwisho tutakaoutaja ni wa tarehe 12 Novemba 1996, juu ya Charkhi Dadri, karibu na Delhi, India. Boeing 747 ya Saudi Arabia ilikuwa imepanda hadi futi 14,000, na Ilyushin ya Kazakhstan iliruhusiwa kushuka hadi futi 15,000. Mwongoza ndege aliwaonya Wakazaki juu ya ndege inayowakabili. Lakini marubani wao hawakuzoea Kiingereza, na walilelewa katika desturi ya Kisovieti ya kupima kimo kwa mita, si kwa futi. Aliyesema na mnara alikuwa mshika simu ya upepo peke yake, ambaye hakuwa na chombo chake mwenyewe cha kupimia kimo. Ndege ikashuka kupita kiasi ilichopewa. Walikufa watu 349, na hakuna ajali nyingine ya kugongana angani iliyoua wengi kiasi hicho. Baada ya hapo Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga liliamua, mwaka 2003, kwamba marubani na waongoza ndege wa safari za kimataifa wapimwe ujuzi wao wa kusema na kusikia, si wa kusoma tu. Kanuni hiyo ilianza kushika tarehe 5 Machi 2008, na nchi zilizochelewa zikapewa hadi mwaka 2011.

Huenda mwanafunzi akauliza: Je, haya hayathibitishi kwamba lugha zetu hazifai kwa mambo makubwa, na kwamba yatupasa kukimbilia Kiingereza? Jibu letu ni la, na historia yenyewe yalitetea. Katika ajali ya Malaysia ilikosewa lugha ya Kiingereza ndani ya Kiingereza. Katika tukio la Nairobi waliosikia vibaya walikuwa marubani wa shirika la Kiingereza. Kadhalika wa-Québec wa Kanada walipodai, katika miaka ya 1970, haki ya kuongozwa kwa Kifaransa katika anga lao, ubishi ulikuwa mkali hata marubani wakagoma mwaka 1976. Tume iliyoundwa kuchunguza jambo hilo ilisema mwaka 1979 kwamba lugha mbili zaweza kutumika kwa usalama iwapo kanuni zimepangwa barabara. Kinachookoa, basi, si cheo cha lugha. Ni mapatano: kila neno liwe na maana moja, maana hiyo ijulikane na pande zote mbili, na kila amri irudi kwa mwenyewe ili aitazame kabla haijatendwa. Lugha yoyote yaweza kufunzwa nidhamu hiyo, na Kiswahili, kilichozoea kuhesabu mizani, kisingeona ugeni ndani yake.

Siku hizi amri nyingi hupelekwa kwa maandishi kwenye vioo vya ndege, hasa juu ya bahari kuu, ili sikio lisidanganyike. Ni maendeleo ya kufurahia. Lakini sauti bado ipo, na itakuwapo kila dharura itakapotokea, kwa maana mtu aliye hatarini haandiki barua. Zaidi ya hayo, mitambo haiwezi kumfundisha nahodha kusikiliza swali, wala kumpa mhandisi ujasiri wa kuuliza mara ya pili.

Kazi hiyo ni ya nyumbani na ya shuleni. Mwalimu anapotoa maelezo kisha akauliza "mmeelewa?", darasa zima huitikia "ndiyo, mwalimu". Itikio hilo ni sawa na lile neno la Los Rodeos: lina sauti ya kukubali, halina ushahidi wa kuelewa. Mwalimu mwenye busara humwambia mwanafunzi mmoja arudie kwa maneno yake mwenyewe alichosikia, naye mwalimu akasikiliza kwa makini kuliko alivyosema. Mwanafunzi naye asione haya kusema, "Samahani mwalimu, sikulipata." Mfamasia na mgonjwa, karani na mwananchi, msimamizi wa ghala na dereva, wote wana minara yao na ndege zao, na kwa kila mmoja kuna tarakimu ambayo ikisikika vibaya hudhuru.

Rubani wa zamani alijua kwamba mwamba mbaya si ule unaotokeza juu ya maji. Huo hata mtoto huuona. Mbaya ni ule uliofunikwa, ambao juu yake maji yametulia. Watu wawili wanaodhani wameelewana wako juu ya maji ya namna hiyo, na njia ya kuupima mwamba ni moja: kurudia neno, kulisikiliza likirudi, na kumshukuru anayeuliza.